Uso Tulificha, Kikwembe Tukakisahau

Wadogo zangu wa Dirisha, kikundi chetu cha kupiga video, mlio na telefone mkononi na haraka miguuni, leo ninawaachia kiti changu. Watu wa kartie, mtaa wetu, wanacheka wakisikia nimeingia retreti, nimestaafu. Mwenye duka la mkate ameniuliza kama nimeficha umri wangu. Hapana. Meno yangu yote yako mdomoni, na mgongo haujapinda. Lakini kikundi chetu kina sheria: mpiga picha akishindwa kupita sokoni bila watoto kumfuata wakiita "Yaya Video", dada mkubwa wa video, kazi yake ya barabarani imekwisha, maana uso unaojulikana unafunga midomo ya watu. Miye nilifika hapo kabla ya mavuno ya maharagi. Donc, basi, ninaandika mapema, kabla sijaanza kusahau na kujipamba.

Nilianza bila diplome ya kitu chochote. Nilisoma mpaka nilipofika, kisha shule ikaendelea bila miye. Nilikuwa ninauza mandazi Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, na kazi yangu ya pili ilikuwa kuota mchana. Niliota nyumba ya sinema ya hapa hapa Butembo: kuta za mbao, mabenchi, shuka jeupe mbele, na watu wetu wakijiona wenyewe wakubwa kama nyumba ya ghorofa. Ubaya wa Rughenda ni kwamba ndege ikitua hakuna anayesikia mwenzake anasema nini. Ishikeni hiyo ndege, tutaihitaji mbele.

Siku moja nilikuwa ninapiga video ya mandazi yakigeuka ndani ya mafuta, kwa telefone ya mama mdogo. Mkiliya mmoja, mnunuzi wa mandazi, akainama juu ya bega langu. Alikuwa Ya Kasereka, kaka mkubwa kwetu sote, fundi wa radio wa zamani, mwenye kuongoza Dirisha.

"Unapiga nini, mama?"

"Mafuta, Ya."

"Juu ya nini mafuta? Kwa sababu gani?"

"Juu iko inaimba."

Akatafuna andazi lake lote. Kisha akasema, "Kuya kesho ku biro."

Biro, yaani ofisi yao, ilikuwa chumba nyuma ya duka la misumari, na fundi seremala jirani alikuwa anagonga tangu asubuhi. Nilivaa viatu vya kanisani nikifikiri nitapewa kamera. Ya Kasereka akanikalisha juu ya kreti ya bière, ya chupa za bia, na kuniambia nifunge macho. Akaweka video, nikaisikia tu. Mtu alikuwa anaeleza namna gani shamba lake lilichukuliwa.

"Nyuma ya sauti yake kuko nini?"

"Jogoo."

"Nyuma ya jogoo?"

"Mvua ku manjanja, ku mabati."

"Nyuma ya mvua?"

Sikujua. Akairudisha tena na tena mpaka nikasikia: mbali kabisa, mtu alikuwa anatwanga mu kinu.

"Video ya bongo, ya uongo, inakuwaka na sauti moja," akasema. "Ya kweli iko na dunia nzima nyuma yake."

Hayo ndiyo masomo yangu ya chuo kikuu. Siku nyingi za kwanza sikugusa kamera. Nilisikiliza, nilibeba betri kuchajisha kwa mwenye panno soler, sahani za umeme wa jua, nilifagia. Aliponipa telefone mwishowe, nilitumwa kupiga daraja lililobomoka karibu na soko. Nilirudi nikiruka kwa furaha. Tukafungua: kidole gumba changu, kikubwa, chekundu, na nyuma yake kipande kidogo cha daraja. Ya Kasereka hakunitukana. Aliniambia kidole kile kina afya nzuri.

Vyombo vyetu mnavijua, lakini hamkuviona vikiwa vibaya zaidi. Miguu ya kamera tuliitengeneza kwa fito za mikaratusi na mpira wa ndani ya gurudumu la moto, yaani pikipiki. Maikrofoni tuliifunga soksi ya mtoto ili upepo wa Butembo usituharibie kazi, na wageni walipouliza ni nini, Ya Kasereka alijibu ni teknoloji. Video ya kwanza kabisa, ile iliyotoka kwenye telefone, hatukuigusa hata kidogo. Tulikata na kuficha nyuso kwenye kopi tu. Kadi za memwari tulizihifadhi ndani ya mfuko wa maharagi. Kopi nyingine ilivuka mpaka wa Kasindi, kuingia Uganda, kwa telefone ya dada yake Ya Kasereka, mwenye kubadilisha pesa pale, maana yeye kila siku ana sababu ya kuvuka. Fanyeni hivyo hivyo. Telefone inaweza kunyang'anywa. Maharagi hakuna anayeyanyang'anya kwa sababu ya picha.

Na miye nilikuwa na shida nyingine: nililia. Mjini Beni nilikutana na muzee aliyekimbia vita pamoja na familia yake, akaacha shamba lake la kakao, akilala kwenye darasa la shule. Nilimuuliza kama naweza kumpiga video. Akasema ndiyo, lakini nianze na mbuzi wake, maana mbuzi ndiye aliyejua njia ya kutoka porini. Nilimpiga mbuzi. Muzee akaanza kueleza, akamtaja kila jirani kwa jina, akaeleza kila mmoja alikuwa anapenda nini, na machozi yakaanza kunitoka mpaka kwenye kioo cha telefone. Ya Kasereka alikuwa nyuma yangu. "Lia," akaninong'oneza, "lakini mukono isitetemeke." Sikuacha kulia kwa miaka yote hii. Mkono ndio uliojifunza.

Sasa nifike kwa Muhindo, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Muhindo alikuwa motari, mwenye kubeba watu kwa moto, kijana wa barabara ya Manguredjipa. Alipakia wafanyabiashara, mifuko ya mchele, hata mara moja jeneza, kila kitu juu ya moto ile ile. Asubuhi moja ya soko, kwenye parking ya mamoto, jeep ilisimama mbele yake. Watu wenye silaha wakamshusha, wakamtupa nyuma, wakaenda. Walisema anabebea waasi mizigo. Mama yake, Mama Muhindo, alizunguka kasho zote, mahabusu zote za Butembo, kisha akapanda gari mpaka Beni. Kila mlango alijibiwa neno moja: hatuko na mutu wa vile. Wadogo zangu, neno hilo ndilo baya kuliko yote. Mtu anayekubaliwa kuwa yuko kifungoni anaweza kupelekewa chakula. Mtu ambaye hayuko popote anaweza kufanyiwa chochote.

Mama huyo alikaa kwenye kreti yetu ya bière, na hakulia. Alishika kofia ya kijana wake na kuizungusha, kuizungusha.

"Kama bananipatia hata maiti nitasema aksanti," akasema. "Lakini banasema hakuko. Miye nilimuzaa. Namna gani hakuko?"

Kesho yake akaingia mama mwingine na furushi la mboga za lenga-lenga kichwani. Nitamwita Mama Aksanti. Si jina lake, na kama mko kwenye kazi hii sitaeleza juu ya nini. Alifunga mlango kwa mguu, akafungua mboga, na katikati ya majani kulikuwa na telefone.

"Niliogopa," akasema. "Lakini telefone yangu haikuogopa."

Alikuwa anauza mboga mkabala na parking. Jeep iliposimama, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake na telefone mapajani, akirekodi kwa video sauti yake akiimba wimbo wa kwaya, ausikilize baadaye. Aliigeuza kidogo tu. Kila kitu kilikuwamo: Muhindo akishuka kwenye moto, mikono juu, kofia ikianguka; jeep yenye taa moja iliyovunjika na kufungwa kwa skoch nyekundu, utepe wa gundi; na juu ya vyote, sauti ya ndege ndogo ikishuka Rughenda. Ya Kasereka alifunga macho, akasikiliza, akatabasamu. Juma zima lile mvua ilikuwa imefunga uwanja, na ndege moja tu ndiyo iliyotua, asubuhi ile. Saa ya video na saa ya ndege zilikuwa moja: hakuna mtu angeweza kusema video ni ya siku nyingine.

Tulifanya kazi kwa uangalifu kama wauguzi. Tulificha uso wa kila mpita njia. Tuliondoa sauti ya Mama Aksanti, wimbo wake na pale alipoguna "Yesu wangu." Tuliangalia mara nyingi, sote, Ya Kasereka pia. Kisha tukaitupa mtandaoni, na Butembo yote ikaanza kuisukuma mbele: vikundi vya bamotari, vikundi vya kanisa, watoto wetu walioko Kampala na mbali zaidi. Mchana tulikuwa tunapiga makofi. Kisha nikasoma komanteri moja, maoni chini ya video, ya mtu asiye na ubaya wowote, aliyeandika kwa kujisifu tu: "Hiyo kikwembe tunaijua, ni ya bamama ya parwasi yetu."

Nikarudi kwenye video. Chini kwenye kona, tangu mwanzo mpaka mwisho, lilikuwako goti. Goti la mama aliyeketi, na juu yake kikwembe, kitenge cha kujifunga, cha kijani chenye michoro ya taa ndogo ndogo za manjano: kile ambacho bamama wa parwasi, parokia ya kiprotestanti, walikichagua pamoja kwa yubile yao.

Mgeni angeliona siku ya kwanza. Lakini sisi tumelelewa nyuma ya magoti hayo. Tumefundishwa kuangalia nyuso, mabuti, namba za gari. Goti la mama lenye kikwembe kwetu ni kama ukuta wa nyumba. Nani anaangalia ukuta? Na kila mtu wa huku anajua: kikwembe cha kundi kinasema kanisa lako, kwaya yako, na ukikaa sokoni kinasema mpaka meza yako. Uso tulificha. Kikwembe, ambacho Butembo kinasema zaidi kuliko uso, tukakiacha wazi.

Tuliondoa video. Ilikuwa kama kuokota mchele uliomwagika kwenye mto. Nikakimbia kwa Mama Aksanti, nikiwa nimeshatayarisha kila kitu kichwani: gari la Kasindi, dada ya Ya Kasereka, chumba cha kujificha. Nilimkuta akichambua maharagi. Nikamweleza. Akaangalia goti lake.

"Weye, Kavira," akasema, "ulinificha mpaka na sikio. Goti ulifikiria ni ya nani?"

"Mama, twende Kasindi leo."

"Na kama naenda, kigoda yangu inabaki wazi. Bataona ni nani hakuko. Ndjo nitakuwa nimejisema miye mwenyewe."

Siku ile ile watu wawili wasiojulikana walikuwa wamepita kwenye meza za mboga wakiuliza bei bila kununua.

Jioni kulikuwa na kurudilia nyimbo, mazoezi ya kwaya, kanisani, na Mama Aksanti akaniomba nimsindikize. Aliwaeleza bamama wenzake kila kitu. Mama Prezida, mwenyekiti wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori, alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc banatafuta mama mwenye kikwembe ya kijani," akasema.

"Ndiyo."

"Basi bapate."

Hakuna aliyepiga kura. Siku ya soko iliyofuata nilisimama juu ya ngazi za duka moja, bila kamera kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nikaona kijani. Kwenye mboga, kijani. Kwenye samaki, kijani. Mama wa chukudu, kigari cha mbao, anayesukuma viazi, kijani. Kisha nikaona wengine ninaowajua vizuri kuwa ni wakatoliki, nao wamefunga kile kile. Walikuwa wameinunua balo nzima, robota lote lililobaki, kwa mfanyabiashara wa njia ya Kasindi. Mama Prezida alikuwa ameenda mwenyewe kuzungumza nao. Niliuliza aliwaambia nini. "Niliwaambia kuko mutoto amepotea," akasema. "Hapana sikuambia ya kanisa gani."

Wale watu wawili walirudi. Mmoja akasimama mbele ya kigoda chenyewe.

"Mama, kuko mwenye alipiga video hapa. Ni nani?"

"Ni miye," akasema Mama Aksanti.

Nikaanza kushuka ngazi nimkimbilie. Lakini jirani yake wa vitunguu akainua kichwa.

"Bongo. Ni miye."

"Benyewe munabishana juu ya nini?" akasema wa samaki. "Ni miye. Telefone ndjo hii, haina mega, haina intaneti."

"Munanicheka?"

"Hapana, papa," akasema wa vitunguu. "Unanunua kitunguu ao unatuzibia tu jua?"

Walizunguka soko lote. Kila goti lilikuwa lile lile, na kila mdomo ulisema neno lile lile. Wakaondoka. Yule wa pili, niliona kwa macho yangu, alinunua kitunguu.

Lakini Muhindo alikuwa bado hayuko popote. Habari ikatoka Beni: majistra, mkubwa wa sheria aliyepelekewa malalamiko ya Mama Muhindo, anasema video haina mwenyewe, inaweza kuwa imetengenezwa, na kama aliyeipiga hajitokezi ataifunga dosie, faili la kesi. Mnaona mtego. Kumtoa Mama Aksanti ili kumwokoa kijana, au kumficha mama na kumwacha kijana.

Bamama hawakuona mtego. Waliona safari. Walikodi Fuso, lori la kabichi, wakapanda nyuma wakisimama, Mama Muhindo pamoja nao, na miye katikati yao na telefone yenye video ya kwanza, ile isiyoguswa, imefungwa ndani ya soksi ya maikrofoni. Barabara ya Beni iliturusha kama mahindi kwenye kikaango. Kwenye kila kizuizi askari alichungulia, akaona kijani kimejaa, akauliza, "Harusi?" Mama Prezida akajibu, "Tunaenda kumuchukua bwana-harusi."

Kiwanja cha wakubwa wa Beni, penye ofisi ya majistra, kilikuwa kipana, na huduma nyingi zilikaa humo pamoja. Tukaingia. Jua lilikuwa kali, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha gari lililopaki ukutani. Bamama wakaenda kukaa pale, wakanyoosha miguu. Miye nilikuwa wa mwisho kufika. Nikaangalia gari. Taa moja ilikuwa imevunjika, imefungwa skoch nyekundu.

Nilitoa telefone, nikapumua kama nilivyofundishwa, na nikapiga polepole: ukuta, mlingoti wa bendera, taa, namba ya nyuma. Mkono haukutetemeka.

Majistra alikuwa mtu mwembamba, mchovu, si mbaya. Alitoka hadi mlangoni.

"Bamama, hii ni kwaya ao ni nini?"

"Tutaimba kisha, papa," akasema Mama Prezida. "Uliomba mwenye alipiga video."

"Ndiyo. Ni nani?"

Wakasimama wote pamoja, na kiwanja chote kikasikia: "Ni miye."

Alifunga macho kidogo, kama Ya Kasereka anaposikiliza. Kisha akaniita ndani na telefone yangu. Nikamwonyesha. Nikamwomba asikilize ndege, na nikamwambia pilote na wafanyakazi wa uwanja wako hai na wanaweza kuulizwa. Video ilipofika kwenye taa yenye skoch nyekundu, akaisimamisha. Akainua kichwa, akaangalia dirishani, pale bamama walikuwa wameegemea gari wakigawana ndizi. Akaangalia tena telefone. Dirishani tena.

"Hiyo gari iko hapa tangu lini?" akamuuliza karani wake.

Karani akaangalia sakafu.

Majistra akachukua kalamu. Alisaini, akagonga muhuri kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu mwembamba vile, na akatoka yeye mwenyewe na karatasi mkononi, akavuka kiwanja mpaka nyuma ya jengo la mwisho. Tulingoja. Hakuna mama aliyekula tena ndizi. Mama Muhindo alisimama peke yake katikati ya jua na kofia mkononi.

Muhindo alitokea akiwa na kiatu kimoja. Alikuwa amekonda, alijikinga macho, na alipoona kijani kile chote alisimama kwa woga. Mama yake hakukimbia. Alitembea, akamvalisha kofia, akaisawazisha vizuri, kama mtu anayempeleka mtoto shuleni.

"Banasema haukuko," akamwambia.

"Niko, mama."

Ndipo wakaimba. Miye nilipiga video yote, na haifai kitu, maana niliruka tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo video ninayoipenda kuliko zote. Kidole gumba changu kimo.

Kesi iliendelea na waliomchukua walihamishwa, na jeep ile haikuonekana tena. Wanaojua sheria watawaeleza hayo vizuri. Nitakachowaambia miye ni kazi tuliyobadilisha: tangu siku ile, kabla video haijatoka, mtu mmoja wa Dirisha anaiangalia bila kuangalia nyuso hata kidogo. Anaangalia magoti, vikwembe, mapazia, vikapu, sahani. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka. Leo ni yenu.

Muhindo amerudi kwenye moto. Hakuna aliyewahi kumwambia ni nani aliyempiga video, na hatutamwambia. Basi kila anapoona kikwembe kile barabarani anasimama na kuuliza, "Mama, ni weye?" Na kila mama anajibu, "Ni miye," naye Muhindo anampandisha bure mpaka nyumbani. Mama Aksanti naye hupanda. Ameniambia hakuna kitu kitamu kama kusema ukweli mbele ya mtu na ukweli huo ukajificha katikati ya wenzake.

Juzi, siku ya kuniaga, bamama walinipa kikwembe changu mwenyewe. Nilikifunga pale pale. Nina kipande cha kiwanja Rughenda sasa, cha kupanga, na mbao za mabenchi ya sinema zimeshafika. Ndege zitatusumbua, lakini tutazisikiliza. Nilikuwa ninatembea kwenda kuangalia mbao hizo nikiwa bila telefone, mikono mitupu, nikiwaza shuka jeupe, pale moto iliposimama kando yangu.

Muhindo akaangalia kikwembe. Akaangalia uso wangu. Akaanza kucheka.

"Yaya Video. Hata weye?"

Nikavuta kikwembe, nikakisawazisha juu ya goti.

"Ni miye," nikasema.

"Basi panda, mama."

Nikapanda.